Damu Haitaki Maji ya Moto

Ndugu msomaji, kama hujawahi kuosha gari lililotoka Mugumu kuja Tarime wakati wa masika, basi mkoa wa Mara bado hujaujua vizuri. Sisi waosha magari tunaisoma nchi kwa uchafu wake. Gari likitoka Sirari, kule mpakani na Kenya, linakuja na vumbi la juujuu tu, maana kule ni lami. Likitoka Nyamongo, kwenye dhahabu, linakuja na unga wa mawe unaokwaruza kama msasa. Likitoka ng'ambo ya Mto Mara, upande wa Serengeti, na mvua imenyesha, hapo ndipo pana kazi: tope jeusi la mbuga limejaa kwenye matairi, limepanda hadi viooni, na likishakauka linashika kama limechomelewa.

Lakini hayo ni ya nje, na ya nje yana mashine ya presha. Hata mtoto wa darasa la tano anaweza kuyatoa. Elimu iko ndani, kwenye siti, na hasa siti za ngozi. Nasema elimu na sitanii. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 2017, matokeo yakawa yale ambayo hayampeleki mtu kokote, nikarudi mjini Tarime kuosha magari huku nikiandika riwaya kwenye daftari la kaunta. Wenzangu pale kijiweni waliniita Mwandishi, kwa kunicheka kidogo na kwa kuniheshimu kidogo. Mchana nashika brashi, usiku nashika kalamu. Basi yale niliyofundishwa na siti ni mengi kuliko niliyofundishwa na kemia ya shuleni, ingawa ni kemia ileile.

Kwanza, siti ya ngozi haimwagiwi maji. Ukiona mtu anaimwagia ndoo, mnyang'anye ndoo. Unaanza kwa kutoa vumbi likiwa kavu, kwa brashi laini na mashine ya kuvuta, kwa sababu ukitia maji kabla ya kutoa mchanga umeshatengeneza msasa, na kila unaposugua unaikwangua rangi. Pili, sabuni. Ngozi ina asidi kidogo kutokana na namna ilivyotengenezwa, na sabuni ya unga ya kufulia ni kinyume chake. Ukiitumia leo siti inang'aa na mwenye gari anafurahi. Baada ya miezi inakakamaa, halafu inapasuka kama kisigino wakati wa kiangazi. Petroli na thina ndiyo kabisa usiguse: vinatoa doa na rangi kwa pamoja. Chukua sabuni laini ya maji, kidogo tu, ikoroge mpaka itoe povu, halafu paka lile povu. Povu, siyo maji! Fanya kipande kidogo kidogo, ukubwa wa sahani, ufute papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu, kisha kikavu. Kwenye mishono tumia mswaki uliostaafu. Ukimaliza fungua milango, acha hewa ipite, na gari liwe kivulini. Jua la mchana linakausha haraka, lakini linakausha pamoja na uhai wa ngozi yenyewe.

Kuna siri moja ambayo wenye magari hawapendi kuisikia. Ngozi ya siti za gari la siku hizi imepakwa rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba unaofanana na plastiki. Unachosafisha, kwa kweli, ni ule utando. Na katika magari mengi ngozi yenyewe iko pale unapokalia na kuegemea tu. Ubavuni na mgongoni mwa siti ni plastiki iliyochorwa vinyweleo ili ifanane na ng'ombe. Mtu analipa fedha ya ng'ombe mzima na nusu yake ni kiwanda. Mimi huwa nanyamaza. Biashara ni biashara.

Babu yangu alijua ngozi ya namna nyingine. Ng'ombe akichinjwa, ngozi iliwambwa juani kwa vijiti, ikaparuliwa mafuta na nyama, ikafikichwa kwa mikono mpaka ikalainika, ikapakwa samli. Ndiyo waliyolalia, na ngozi ya ng'ombe ndiyo iliyofunika litungu, zeze kubwa la Wakurya linalonguruma kwenye sherehe. Ngozi ile ilikuwa na njaa. Ukiipa mafuta inakula. Ukiipaka samli siti ya gari leo, samli inakaa juu, inakusanya vumbi, na baada ya wiki gari linanuka kama kibuyu kisichooshwa. Ngozi ileile ya ng'ombe, lakini tabia mbili.

Na hizo siti hazitokani na ng'ombe wetu, ingawa tunao wengi. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Ila ng'ombe wetu wa hapa ni wadogo wa mwili, wamechanwa na miiba, wamenyonywa na kupe, na wamepigwa chapa ya moto ubavuni ili mwizi asijidai ni wake. Viwanda vya siti vinataka ngozi kubwa isiyo na kovu, ya ng'ombe aliyelelewa ndani ya uzio huko Ulaya au Amerika ya Kusini. Enzi za mashirika ya umma palikuwa na viwanda vya ngozi Mwanza, Moshi na Morogoro, vikaja kubinafsishwa. Mwaka 2020 kilizinduliwa kiwanda kikubwa pale Gereza la Karanga, Moshi, cha ngozi na viatu. Lakini siti inayokuja Tarime bado inapitia Japani, ndani ya gari lililokwisha kutumika, ikishuka bandarini Dar es Salaam. Mkurya anafuga ng'ombe maisha yake yote, halafu anakalia ngozi ya ng'ombe wa mtu mwingine.

Nimeyasema hayo yote ili nikueleze usiku mmoja wa Aprili, mwaka 2019.

Mvua ilikuwa imeshinda ikinyesha. Kama saa nne usiku, mtoto wa mjomba wangu aliingiza Prado pale kijiweni akazima taa kabla hajasimama vizuri. Alikuwa dereva wa mzee mmoja mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa minada, mwenye fedha na mwenye sauti. Siku hiyo alikuwa amepeleka wageni wa mzee Mugumu, akawa anarudi na gari tupu.

"Mura, niokoe," akasema.

Nikawasha tochi ndani. Siti za gari lile zilikuwa nyeupe inayoelekea njano, rangi ya maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa. Siti ya nyuma haikuwa na rangi hiyo tena. Damu, maji, tope jeusi la miguu ya watu watatu au wanne, na khanga moja imesahauliwa sakafuni.

Moyo ulinipasuka. Kwetu huku mtu akikuletea gari lenye damu usiku, unafikiria mambo mengi: wizi wa ng'ombe, ugomvi wa koo, mapanga.

"Umeua?"

"Wamezaa," akasema. Akakaa chini kwenye tope akaanza kucheka, halafu nikaona siyo kicheko.

Ndipo akanieleza. Kabla ya daraja la Mto Mara alikuta pikipiki imezama kwenye tope mpaka kwenye ekseli, na kando yake mwanamke amelala juu ya majani, mama mkwe wake amemfunika na mwavuli uliovunjika. Yule wa bodaboda alisimama katikati ya barabara amenyoosha mikono. Binamu yangu alisimamisha gari. Walikuwa wanaelekea kituo cha afya. Hawakufika. Mtoto alitoka baada ya daraja, gari likiserereka, mama mkwe amepiga magoti kati ya siti, mvua inapiga bati la gari kama watu wanaorusha mawe. Kwetu mtoto anayezaliwa mvua inanyesha jina lake halitafutwi: ni Wambura. Alimfikisha mzazi na mtoto kwa wauguzi, wote wazima. Kisha akampigia simu mwenye gari kumweleza.

Na mwenye gari alimjibu hivi: saa mbili asubuhi anataka gari lake, ana safari ya Mwanza. Kama siti hairudi kama ilivyokuwa, dereva atalipa ng'ombe wawili.

Ndugu msomaji, lazima uelewe hesabu hiyo. Binamu yangu alikuwa na ng'ombe watano kwa baba yake. Alikuwa anawakusanya kwa ajili ya mahari, mmoja baada ya mwingine, kwa mshahara wa udereva, miaka mitatu. Kumtoa wawili ni kumrudisha nyuma mwaka na zaidi, na binti aliyemtaka hakuwa binti wa kusubiriwa na mtu mmoja tu. Ng'ombe wawili wazima, wanaokula majani, kwa ngozi ya mmoja aliyekufa zamani katika nchi ya watu!

Nilivaa glovu nilizonunua duka la dawa, maana damu ya mtu usiyemjua haishikwi hivihivi. Nikawasha jiko nichemshe maji. Pale ndipo mama yangu, ambaye huuza chai na maandazi kwenye kibanda cha jirani na huwa anaanza kukanda unga usiku, akatoka na mikono myeupe ya ngano.

"Hayo maji ya nini?"

"Ya siti, mama. Kuna damu."

"Zima jiko. Damu haitaki maji ya moto. Ukiimwagia ya moto umeipika, itakaa hapo mpaka nawe uzeeke. Mwanamke yeyote anajua hilo. Kwani huko shule mlisomea nini?"

Kweli tulisomea. Damu ina protini, na protini ikipata joto inaganda kama ute wa yai kwenye kikaango, inang'ang'ania kwenye kila kitundu. Tulisoma, tukafanyia mtihani, lakini hakuna aliyetuambia kwamba ni habari ya nguo na ya siti. Mama hakufika darasa la nane, ila ile sura ya kitabu alikuwa nayo mikononi.

Basi, maji ya baridi. Tulianza na tope, lile tope lilikuwa bado bichi, tukaliondoa kwa kijiko cha plastiki bila kusugua. Halafu damu: kitambaa cha pamba, fulana yangu kuukuu, kimeloweshwa maji ya baridi na kukamuliwa sana, unagandamiza na kuinua, unagandamiza na kuinua, unatoka nje kwenda ndani ili doa lisitambae. Hatukusugua. Vitambaa vilikwisha, mama akaleta vya kwake. Baadaye povu, kipande kwa kipande. Ngozi ya juu ilianza kurudi rangi yake ya maziwa, nikadhani tumeshinda.

Kumbe bado. Nilipobonyeza siti kwenye mshono wa katikati, ikatoa jasho jekundu. Damu ilikuwa imepenya kwenye mishono, imeshuka kwenye sponji. Ukiacha hivyo, juu panakuwa pasafi na chini panaoza. Baada ya siku tatu, jua likipiga, gari linanuka bucha na hakuna manukato yatakayokusaidia. Tukafungua boliti, tukaitoa siti nzima, tukailaza juu ya meza ya mama. Tulitia maji ya baridi kidogo kidogo kwenye sponji kwa upande wa chini, tukayakamua kwa mataulo makavu, binamu yangu akisimama juu ya mataulo kwa miguu yote miwili. Tulirudia mpaka taulo likatoka halina rangi. Sijui mara ngapi. Mishono niliifanya kwa mswaki, uzi kwa uzi, kama mtu anayempiga mswaki mtoto.

Katika kazi kama ile mikono inafanya na akili inazurura. Nilimkumbuka Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, mwana wa mkoa wetu huuhuu, aliyetafsiri mchezo wa Shakespeare akauita Mabepari wa Venisi, ukatoka mwaka 1969. Mle mna mdai ambaye hati yake inamruhusu kukata ratili ya nyama katika mwili wa mdaiwa. Anashindwa mahakamani kwa kuwa hati imetaja nyama, haikutaja damu. Nikawaza: binamu yangu hana hati. Aliajiriwa kwa mdomo, chini ya mwembe. Lakini hata huo mdomo haukutaja damu. Haukusema ukimkuta mwanamke barabarani mpite, wala haukusema mchukue. Nani basi anadaiwa? Mtoto? Mvua? Aliyeiacha ile barabara vile?

Nilipomwambia binamu yangu habari hiyo ya Shakespeare akanitazama. "Mura, kamua taulo."

Saa kumi na moja alfajiri tuliweka mkaa mkavu ndani ya vifuko vya kitambaa chini ya siti unyonye harufu, tukageuza feni ya mama mara huku mara kule. Saa moja tulifunga boliti. Nilipaka dawa ya ngozi niliyoiagizia Mwanza, ile ambayo haiachi mafuta juu. Ukitazama, siti ilikuwa siti. Ila kwenye mshono wa katikati, nyuzi tatu hazikukubali. Zilibaki na rangi ya chai ya maziwa. Uzi ni uzi, unakunywa kuliko ngozi.

Mzee alikuja saa mbili kasoro, na fimbo yake ya mnadani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

Hakusema zaidi. Alifungua mlango wa nyuma, akainama, akanusa. Akapitisha kiganja chote juu ya siti, polepole, kama anavyopapasa mgongo wa dume kabla ya kutaja bei. Akafika kwenye mshono. Kidole kikasimama pale kwenye nyuzi tatu. Mimi nilimwona. Binamu yangu alikuwa anatazama miguu yake.

Kimya kilikuwa kirefu. Mama kule kibandani aliacha kugeuza maandazi.

"Huyo mtoto," mzee akauliza bila kugeuka, "ni wa kiume au wa kike?"

"Wa kike, mzee."

Mzee akainuka, na uso ukafunguka. Akacheka kicheko kikubwa cha mnadani. "Basi! Kumbe ng'ombe wameingia, hawakutoka!" Akampiga binamu yangu begani, akapanda gari lake, akakaa siti ya nyuma, juu ya zile nyuzi tatu, wakaondoka kwenda Mwanza. Ng'ombe wawili hawakudaiwa tena. Mwaka uliofuata binamu yangu alioa.

Wenzangu pale kijiweni huisimulia habari hii kama kichekesho, na mwisho wake wanacheka kama mzee alivyocheka. Mimi nilicheka siku ile, kwa sababu ya usingizi na kwa sababu binamu yangu alikuwa amepona. Lakini neno lile halikunitoka, lilinasa kama kwenye uzi. Mtoto hajamaliza nusu siku duniani, hajafumbua macho sawasawa, na ameshahesabiwa. Msamaha wenyewe umetolewa kwa bei yake. Angekuwa wa kiume, sijui kama zile nyuzi tatu zingesamehewa. Na binamu yangu, ambaye sote tulimwonea huruma kwa ng'ombe wake watano, alikuwa anawakusanya wa nini kama si kwa hesabu ileile? Simlaumu. Ni desturi iliyotuzaa sote, na mama yangu naye alikuja kwa baba kwa njia hiyo. Lakini kuzaliwa ndani ya kitu hakukuzuii kukitazama.

Mwaka huohuo wa 2019, mwezi Oktoba, Mahakama ya Rufani ilikubaliana na hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2016 kwamba vile vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971, vinavyomruhusu msichana kuolewa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, au 14 kwa idhini ya mahakama, vinapingana na Katiba. Nilisikia habari hiyo redioni nikiwa na brashi mkononi, na wa kwanza kumkumbuka alikuwa yule mtoto wa siti ya nyuma. Sasa ni mtu wa kubeba begi la shule. Nimemweka kwenye riwaya yangu, amekuwa mkubwa, na nimekuwa mkali juu ya jambo moja: kila mhusika anayetaka kumtajia bei namfuta.

Prado yenyewe iliuzwa. Labda unaipanda wewe unayesoma hapa, na hujui kwa nini nyuzi tatu za nyuma zina rangi ya chai.

Kwa hiyo neno langu kwa wenye magari ya siti za ngozi ni fupi. Ukipita kati ya Mugumu na Tarime usiku wa mvua, ukamwona mwanamke ameshika tumbo kando ya njia, simama umchukue. Usiwaze siti. Maji ya baridi, povu, kitambaa cha kugandamiza, na usichelewe mpaka ikauke. Siti itasafishika, nimeshakueleza namna.